Nawahudumia wagonjwa lakini moyo umekauka: je, imani yangu imekufa?

"Shikamoo mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igogo hapa Mwanza, biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mwaka 2021 mwanangu wa mwisho alilazwa wiki tatu, hali ikawa mbaya, nikamwekea Mungu nadhiri kwamba akipona nitawahudumia wagonjwa. Akapona. Tangu hapo kila Jumamosi naamka saa kumi alfajiri, napika uji, napanda nao hospitali ya Bugando kuwagawia wagonjwa wasio na ndugu. Tulianza akina mama wanane wa kanisani, sasa nimebaki mimi, na mara mojamoja mwenzangu mmoja. Unga na sukari natoa kwenye mtaji wangu. Mama mkwe ana kiharusi, yuko kwangu, na Jumamosi namwachia binti yangu wa miaka 12. Mume wangu analalamika. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Magu aliniambia uji umepoa, nikamchukia mpaka nikatoka nje nikalia. Nikitaka kupumzika naukumbuka mstari tuliohubiriwa, kwamba imani bila matendo imekufa. Binamu yangu anayesali kanisa jingine ananicheka, anasema tumeokolewa kwa neema, mimi najitesa bure. Nikipunguza nitakuwa nimemdanganya Mungu? Na huduma ya mtu asiye na furaha inapokelewa?"

Marahaba, dada yangu. Pole sana. Kuamka saa kumi kila Jumamosi kwa miaka yote hiyo, baada ya wiki nzima ya kugeuza dagaa juani, ni kazi inayomaliza mwili wa mtu yeyote. Kwa hiyo kabla hatujaingia kwenye Biblia, ujue kwamba sehemu ya unachokisikia ni uchovu tu, na uchovu si dhambi.

Umeuliza maswali mawili, lakini mimi naona la tatu ambalo hukuliandika. Unaogopa kwamba ukiacha kwenda Bugando, mwanao ataugua tena. Nikikosea utanisamehe. Nimefanya kazi ya diakonia, yaani huduma ya huruma kanisani, kwa miaka mingi, na nimekaa na wazazi wengi walioweka nadhiri kando ya kitanda cha mtoto. Hofu hiyo wengi wao wanayo, na wanaona aibu kuitamka. Ndiyo maana naanza nayo: Mungu hakukukopesha mtoto. Alikupa.

Wewe wa Mwaloni unaijua mikopo ya kausha damu kuliko mimi. Mama anachukua hela ya mtaji, marejesho kila wiki. Siku ikifika, awe ameuza, awe hajauza, wanakuja. Akikosa wanabeba televisheni, wiki nyingine wanabeba godoro. Taratibu anaacha kufanya biashara ili watoto wale, anafanya biashara ili apate marejesho. Mteja akimsogelea, haoni mtu, anaona marejesho. Sasa itazame Jumamosi yako. Ilianza kama shukrani: mtoto amepona, moyo umejaa, ukachukua sufuria ukapika. Mahali fulani njiani ikageuka marejesho. Mzee wa Magu aliposema uji umepoa, hukumsikia mgonjwa mwenye kinywa kichungu anayetamani kitu cha moto. Ulimsikia mtu wa mkopo akikwambia hela imepungua. Ndiyo maana ilikuuma kiasi kile, na ndiyo maana ulimchukia. Mtu anayelipa deni ni vigumu ampende anayekuja kulipokea.

Imani inavyozaa huduma ni kinyume cha hapo. Mtu akisadiki kweli kwamba amepokelewa na Mungu bila kutoa kitu, anaacha kujihesabu. Macho yake yanapata nafasi ya kumwona mwenzake. Katika Mathayo 25 wale wa mkono wa kuume wanashangaa kabisa: Bwana, ni lini tulipokuona una njaa? Hawakuwa na daftari. Walimwona mtu mwenye njaa wakampa chakula, wakaendelea na siku yao.

Sasa Yakobo. Mstari uliohubiriwa ni kweli, uko sura ya 2, lakini mara nyingi unang'olewa mahali pake. Soma kuanzia mstari wa 14. Yakobo anatoa mfano: ndugu yu uchi, hana riziki, na mtu wa kanisa anamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, wala hampi kitu. Yaani anamkemea mtu aliyeshiba, mwenye maneno matamu, ambaye hajanyanyua mkono. Hamkemei aliyenyanyua mkono mpaka ukafa ganzi. Kuuchukua mstari huo na kumpiga nao mama aliyepika uji tangu 2021 ni kumpa dawa mgonjwa wa ugonjwa mwingine. Tena Yakobo anaandikia jamii ya waumini, anasema "mtu wa kwenu". Mstari ule uliwahusu hasa wale saba waliokuwa wamekaa viti vya nyuma yako.

Binamu yako naye ameshika ukweli, ila ameushika nusu. Katika Waefeso 2:8 na 9 Paulo anasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Akienda mstari mmoja mbele, wa 10, atakuta kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Ubishi wenu ni wa zamani. Martin Luther mwenyewe, ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, katika dibaji yake ya mwaka 1522, aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, kwa jinsi alivyoona unagongana na Paulo. Wakristo waligombana juu ya jambo hili kwa karne nyingi, na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg kule Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba matendo mema yanafuata baada ya mtu kuhesabiwa haki, nayo ni matunda yake. Matunda. Mwembe hauzai ili uwe mwembe. Na mwembe una msimu. Hakuna anayeukata kwa kuwa mwezi wa sita hauna embe.

Nadhiri yako siwezi kukwambia uitupe. Wapo watakaokwambia hayo ni mambo ya Agano la Kale, lakini Mhubiri 5 inasema ni heri mtu asiweke nadhiri kuliko aiweke asiiondoe, na mimi naliheshimu neno lililotoka kinywani mwa mama aliyeshika mkono wa mtoto mgonjwa. Ila irudie kama ulivyoiandika mwenyewe: "nitawahudumia wagonjwa." Humo hamna Jumamosi. Hamna Bugando, hamna saa kumi alfajiri, hamna sukari ya mtaji, hamna "peke yangu". Hayo yote yaliongezeka baadaye, moja moja, kila mwenzako alipopungua. Na hata nadhiri yenyewe Mungu aliiwekea njia ya huruma: katika Walawi 27, mtu aliyeweka nadhiri kisha akawa maskini kuliko kiwango kilichopangwa, alisimamishwa mbele ya kuhani, naye akamkadiria upya kulingana na uwezo wake.

Zaidi ya hapo, mgonjwa wa kwanza anayeingia kwenye nadhiri yako amelala nyumbani kwako. Nimeona umemtaja mama mkwe kama kikwazo cha huduma, kana kwamba kumwosha na kumlisha ni kazi za nyumbani tu, na huduma ni ile inayofanyika ukiwa umevaa sare ya kanisa. Huo ni upotofu ambao sisi wahubiri tumeufundisha bila kujua, kwa kutangaza madhabahuni yale yanayofanyika nje na kunyamazia yanayofanyika ndani. Paulo katika 1 Timotheo 5:8 anasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Na hapa naomba nikukemee kidogo, kwa upendo. Mtu wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, vinginevyo atatoka vidonda mgongoni na kwenye nyonga. Akilishwa akiwa amelala chali anaweza kupaliwa, chakula kikaingia njia ya hewa. Anatakiwa aketishwe, apewe kidogo kidogo, amalize kumeza ndipo apewe kingine. Hizo si kazi za kumwachia binti wa miaka 12 peke yake. Akipaliwa bibi mikononi mwake, mtoto huyo ataibeba siku ile maisha yake yote. Malalamiko ya mume wako yasikilize kwa upande huu pia. Huenda anasema jambo la kweli kwa sauti mbaya.

Nije sasa kwenye kiini, na hapa nakuomba usimame kwa mawazo pale Mwaloni, mahali unapopajua. Gunia la dagaa limejaa, limeshonwa. Mbebaji yupo, ana nguvu, lakini hajitwiki mwenyewe. Wawili wanalishika huku na huku, wanalinyanyua, yeye anaingiza bega, wanamtwika. Akifika kwenye gari kuna mwingine wa kumtua. Aliyetwika leo asubuhi, mchana anatwikwa yeye. Lakini mama akitoka sokoni ana furushi lake mkononi: kanga, chombo cha chakula, hela ameifunga kwenye pindo. Hilo hamwiti mtu amshikie.

Wagalatia 6 ina vitu hivyo viwili. Mstari wa 2 unasema mchukuliane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Watu hudhani Paulo anajipinga, lakini Kigiriki alichoandika kina maneno mawili tofauti: baros, uzito unaomwelemea mtu, na phortion, shehena ya kawaida ya msafiri. Waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili walilitunza vizuri jambo hilo kwa kuandika mizigo hapa na furushi pale.

Furushi lako ni watoto wako, mume wako, mama mkwe, biashara yako, na sala zako. Hilo hakuna wa kukubebea lote. Lakini wagonjwa wasio na ndugu pale Bugando ni gunia. Ile ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima. Mtu analetwa kutoka Ukerewe kwa meli, mwingine Geita, mwingine Simiyu, mwingine ng'ambo ya maji kule Kagera, nauli ya ndugu inaisha, ndugu anarudi nyumbani kuuza mbuzi, mgonjwa anabaki na kitanda. Uzito huo hakuupanga Mungu kwa mama mmoja wa Igogo. Ni gunia la kanisa, na wewe umejitwika peke yako, ndiyo maana shingo inauma.

Kosa kubwa hapa ni la uongozi wa kanisa lenu, ulioona wanane wanakuwa sita, sita wanakuwa watatu, ukanyamaza kwa sababu uji ulikuwa bado unafika. Katika Matendo 6 wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakumtafuta mtu mmoja mwenye bidii wakamwongezea kazi. Waliita kusanyiko zima, wakachagua saba. Na mtazame muuguzi wa Bugando kwenyewe. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971, na vitanda vyake havijakaa bila mtu wa zamu. Wa zamu ya usiku akimaliza anakabidhi ripoti, anashuka mlimani, anakwenda kulala. Hakuna anayemwambia hana wito. Msamaria naye, kama ukimfuata mpaka mwisho wa hadithi, alimfunga yule mtu majeraha, akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule, na kesho yake akatoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba, akaendelea na safari yake. Alimtwika mwingine. Ahadi ya kurudi aliiacha, lakini alikwenda.

Swali la furaha nitalijibu kwa kifupi. Mgonjwa aliyekunywa uji wako akiwa na njaa alishiba, uwe ulitabasamu au hukutabasamu, na Mungu aliuona uji ule. Yesu alisimulia habari ya wana wawili: mmoja alisema siendi, kisha akaenda shambani, naye ndiye aliyefanya mapenzi ya baba. Hakuulizwa kama alikwenda akiimba. Siku moja ya kuhudumu umenuna si unafiki. Lakini miezi na miezi ya moyo mkavu ni taarifa, kama taa inayowaka kwenye dashibodi ya gari, na dereva mwenye akili anasimama pembeni. Paulo anaposema Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu, maneno yaliyotangulia ni kwamba asitoe kwa huzuni wala kwa lazima. Wengi wanausoma mstari huo kama amri ya kucheka. Mimi nausoma kama ulinzi wa mtoaji asilazimishwe.

Ufanye nini basi? Kuendelea kama ulivyo sikushauri. Mtaji utaisha, ndoa itaumia, na mwisho utaacha kwa hasira, usirudi tena. Kuacha kabisa kunawezekana, na kama mwili umechoka sana chukua miezi miwili au mitatu bila kuona haya. Ubaya wake ni kwamba wapo waliozoea kikombe kile cha Jumamosi, na wewe ninavyokusoma utakaa nyumbani ukijilaumu. Njia ninayoiona bora ni ya kati: Jumamosi moja kwa mwezi iwe yako, nyingine ziwe zamu za wengine, na unga na sukari vitoke kanisani, visitoke kwenye dagaa zako. Nenda kwa mchungaji wako, usiende peke yako, nenda na mume wako. Mwambie waziwazi: naweza siku moja kwa mwezi, tatu zilizobaki ni za nani? Halafu unyamaze, usilijibu swali hilo wewe. Najua kimya chake kitakutesa, maana umezoea kukijaza kwa kusema "basi nitakwenda."

Njia hii nayo ina kasoro, sitakuficha. Kuna wiki zamu ya mtu itakosekana na kuna mgonjwa hatapata uji. Kwa hiyo onaneni mapema na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, wajue ni wiki zipi mnakuja na zipi hamji. Wao wanawafahamu wagonjwa waliotelekezwa na wasioweza kulipa, na wanaweza kuwaonyesha pa kuanzia. Na akina mama wapya wakijiunga, wafundisheni kumuuliza muuguzi wa wodi kabla ya kummiminia mtu yeyote. Nilipokuwa mchungaji kijana, katika hospitali moja, nilimpa uji mgonjwa aliyenitazama kwa huruma. Alikuwa ameandaliwa kwa upasuaji asubuhi ile, hakutakiwa kula wala kunywa. Upasuaji uliahirishwa, naye akakaa na maumivu siku nyingine mbili kwa ajili ya kikombe changu. Mwenye kisukari naye hatakiwi kupewa uji uliojaa sukari. Na msiwapige picha za kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Mtu aliyelala na shuka la hospitali hana nguvu ya kukataa.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama hupati usingizi hata usiku usio wa kazi, kama chakula hakipandi, kama unalia bila sababu kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukamwone daktari; siku hiyo uende kama mgonjwa, bila chupa ya uji. Kama umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe, usisubiri Jumatatu, mwambie mtu leo na akusindikize hospitali. Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na kwenda huko si kupungukiwa imani. Mambo yako na mume wako yapelekeni kwa wanandoa wazima mnaowaheshimu wote wawili, mkae mezani. Lakini malalamiko yakigeuka kipigo, hilo si la wazee wa kanisa kusuluhisha. Nenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto.

Jumamosi hii usiende. Pika uji ule ule, usogeze kiti, umketishe mama mkwe, na binti yako umpe ruhusa ya kwenda kucheza. Ila yule mzee wa Magu, kama bado yuko wodini, asikae akiutazama mlango. Mtume yule mwenzako mmoja aliyebaki akamsalimie kwa jina lako, amwambie wiki hii huji, na ampelekee chai ya moto.